Tarehe yangu ya kuzaliwa unaitaka ya nini?

Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, ina tume ya kuisimamia na ina semina za kuielezea. Hata hivyo, unapojiunga na aplikesheni fulani, swali la kiasi gani cha maisha yako kichukuliwe halijibiwi bungeni wala kwenye ukumbi wa semina. Linajibiwa na fundi wa programu, mara nyingi kijana, mara nyingi usiku, kwenye mstari mmoja wa msimbo ambao mteja wake hatausoma kamwe. Nasema hivyo kwa sababu mistari ya aina hiyo ndiyo kazi yangu.

Natengeneza programu hapa Dar es Salaam kwa wateja wa kawaida: SACCOS, shule binafsi, wauza vifaa vya ujenzi, kwaya. Karibu kila mmoja anataka kile kitufe cha "Ingia kwa Facebook" au "Ingia kwa Google", ili mtumiaji asihangaike kutunga neno jingine la siri na kulisahau wiki inayofuata. Kitufe hicho ni halali na kina faida zake. Mgogoro wangu uko kwenye kinachopita nyuma yake. Fundi anayechukua kipengele cha wasifu wa mtu bila kuwa na sababu anayoweza kuitamka kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya mwenye wasifu huo, amefanya kazi mbovu, hata kama programu yake haina hitilafu hata moja.

Nieleze kwanza mambo yanavyokwenda. Hakuna fundi anayeandika kila kitu upya. Tunatumia maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wenzetu, ukajaribiwa, ukawekwa hadharani ili yeyote autumie. Mimi hutumia zaidi Laravel, kiunzi cha kujengea programu za wavuti, na Laravel ina maktaba inayoitwa Socialite kwa kazi hii hii ya kuzungumza na mitandao ya kijamii. Ukibonyeza kitufe, unapelekwa Facebook. Facebook inakuuliza kama unakubali. Ukikubali, programu yangu inapata tokeni, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoonyesha kwamba umeiruhusu kuuliza habari zako. Maktaba inaishika tokeni hiyo, inauliza kwa niaba yangu, kisha inaniletea wasifu wako ukiwa umepangwa vizuri: namba ya utambulisho, lakabu, jina, barua pepe na picha. Ni vitu vitano tu. Kwa kwaya na kwa SACCOS vinatosha, na kimoja au viwili vinabaki bila kazi.

Ila maktaba haikatazi kuomba zaidi. Ukiongeza neno moja kwenye orodha ya ruhusa, unaomba siku ya kuzaliwa. Ukiongeza la pili, unaomba mji anaoishi. Jinsia nayo, kwenye matoleo ya Socialite niliyoyatumia na Facebook, ilikuwa imeshaorodheshwa tangu mwanzo. Asiyeitaka ndiye anayepaswa kukaa chini aandike orodha yake mwenyewe. Facebook siku hizi hukagua ruhusa nyeti kabla ya kumpa fundi, lakini wakaguzi wake hawamjui mteja wangu wala hawajui duka lake linauza nini. Kujua kwa nini jambo fulani linaombwa ni kazi ya fundi, na hakuna maktaba inayoweza kumfanyia.

Mteja mmoja, mwenye duka la saruji na nondo, alinipa jibu ambalo nimelisikia kwa wengi kabla yake na baada yake. Nilimwonyesha orodha ya vipengele tunavyoweza kuomba, nikamuuliza anataka vipi.

"Dada, chukua vyote. Vitatusaidia huko mbele."

"Huko mbele wapi, kaka?"

"Wewe chukua tu. Siku hizi data ni mali."

"Siku ya kuzaliwa ya fundi mwashi utaifanyia nini?"

Akafikiri kidogo. "Tutamtakia heri."

Si mtu mbaya, na analipa kwa wakati. Lakini fundi mwashi anayelisubiri lori la mchanga hana shida ya salamu za kuzaliwa. Anataka kujua mzigo umetoka ghalani au bado. Hilo halimo kwenye wasifu wake wa Facebook, limo kwenye daftari la dereva. Tungetumia muda wetu vizuri zaidi kama tungelishughulikia daftari hilo.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo. Basi tuangalie lilivyoanza kwa wenzetu. Facebook ilifungua Graph API, mfumo ambao programu nyingine hupitia kuiomba taarifa za watumiaji, mwaka 2010. Katika toleo la kwanza, programu iliyoruhusiwa na mtu mmoja iliweza kuomba pia habari za marafiki zake: siku zao za kuzaliwa, miji yao, kurasa walizozipenda. Marafiki hao hawakuona kitufe chochote wala hawakuulizwa. Mtafiti Aleksandr Kogan, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alitengeneza aplikesheni ya maswali ya kupima tabia. Watu wapatao 270,000 waliijibu. Mwaka 2018 Facebook yenyewe ilikadiria kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilifika kwenye Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za kisiasa, kwa njia hiyo. Gawanya mwenyewe: kila aliyebonyeza aliwabeba wengine zaidi ya mia tatu.

Sisi mafundi tuna jambo la kujifunza hapa ambalo halikutangazwa sana. Hakuna kufuli lililovunjwa na hakuna neno la siri lililoibwa. Programu iliuliza kwa utaratibu uliokuwepo na mtandao ukajibu. Kuziuza na kuzihamisha taarifa hizo baadaye kulikiuka masharti ya Facebook, lakini kuziomba kwenyewe kulikuwa kazi ya kawaida ya fundi yeyote, kwa mistari michache kama ninayoiandika mimi. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Na kwa anayedhani hayo ni ya Wazungu, kigogo mmoja wa Cambridge Analytica alirekodiwa kwa siri na kituo cha Channel 4 cha Uingereza akijigamba kwamba kampuni yake ilifanya kazi kwenye kampeni za urais za Kenya mwaka 2013 na 2017. Majigambo si ushahidi wa kura kuibwa. Yanatosha kuonyesha kwamba wateja wa biashara hiyo walikuwepo mpaka kwa jirani zetu.

Facebook ilijirekebisha hatua kwa hatua. Mwaka 2014 ilitangaza toleo la pili la Graph API, na kufikia Aprili 30, 2015 mlango wa taarifa za marafiki ulikuwa umefungwa kwa karibu programu zote za zamani. Toleo hilo pia lilianza kumpa mtu namba tofauti ya utambulisho kwa kila programu, ili duka la saruji na kwaya wasiweze kulinganisha kanzidata zao na kugundua kwamba muumini fulani ndiye yule mwenye deni la nondo. Kisha mwaka 2015 likaja toleo la 2.4 na badiliko dogo lililotukera wengi. Hapo kabla, ukiuliza habari za mtumiaji bila kutaja unachotaka, ulipewa furushi zima. Tangu toleo hilo, usipotaja unarudishiwa vitu viwili tu, jina na namba. Ukitaka zaidi, orodhesha kimoja kimoja.

Naliona badiliko hilo kuwa funzo bora kuliko faini yoyote. Linamlazimisha fundi kuandika kila anachokitaka, na kilichoandikwa kinaweza kusomwa na kuhojiwa. Bosi anaweza kukisoma. Mkaguzi anaweza kukisoma. Mwanasheria akionyeshwa mahali palipoandikwa siku ya kuzaliwa, naye ataelewa. Mgeni aliyebisha hodi kuomba maji ya kunywa hapewi funguo za nyumba, na akizitaka ana maelezo ya kutoa.

Sasa turudi kwetu, maana ubishi mwingine ninaokutana nao ni kwamba taarifa hizo zina thamani kubwa kibiashara. Nimeshughulika na wasifu wa Watanzania vya kutosha kuutilia shaka ubishi huo. Siku ya kuzaliwa ya wengi ni Januari 1, kwa sababu ndiyo tarehe iliyokuwa juu walipokuwa wakijaza. Kijana wa darasa la sita aliyeambiwa kwamba Facebook inataka umri wa kuanzia miaka 13 alijiongezea, na uongo huo unazeeka pamoja naye. Picha ni ya mchezaji wa Simba au Yanga, ya ua, au ya mtoto mchanga. Jina ni Mama Fulani. Barua pepe ilifunguliwa na kijana wa duka la simu Kariakoo siku simu iliponunuliwa, na mwenye simu hajawahi kuifungua wala hajui neno lake la siri. Fundi anayejenga mfumo mzima akiamini kwamba barua pepe hiyo inasomwa na mtu atatuma risiti kwenye kisima kikavu.

Hata majina yana vita vyake. Mtandao unaniletea wasifu wenye jina la kwanza, la kati na la mwisho, na unalichukulia la mwisho kuwa la ukoo. Hapa kwetu mwingine la mwisho ni la babu, mwingine ni la baba, na mke na mume waliooana miaka ishirini wanaweza wasifanane jina hata moja. Programu inayozipanga familia kwa jina la mwisho, kwa mfano kuunganisha wazazi na watoto shuleni, itawatenganisha wanandoa na kuwaoanisha wasiojuana. Ndiyo maana kwenye mifumo yangu nachukua jina zima kama mtu alivyoliandika, kwa kipengele kimoja, na kama shule inataka kujua mzazi wa nani, inamuuliza mzazi.

Kwa hiyo tunakusanya rundo ambalo sehemu yake kubwa ni ya uongo, halafu tunaliita mali. Lakini kipande kidogo ambacho ni kweli ndicho chenye hatari. Chukua namba ya simu. Kwenye baadhi ya nchi namba ni namba tu. Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na yeyote anayejaribu kukutumia pesa kwa simu anaonyeshwa jina lako kabla ya kuthibitisha. Namba moja inafungua jina kamili. Jina kamili na picha vinafungua ukurasa wako. Ukurasa unafungua kazi, mtaa na shule ya watoto. Tapeli anayekupigia akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu hahitaji zaidi ya hapo kukufanya umwamini. Na kanzidata ya duka la saruji haina mlinzi: inakaa kwenye seva ya bei nafuu, neno lake la siri analijua fundi, msaidizi wake na mpwa wa mwenye duka.

Tena hata wakubwa huvuja. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wavamizi walitumia kasoro kwenye mfumo wake wakapata tokeni za watumiaji. Baadaye ilisema akaunti zilizoguswa ni kama milioni 30. Kampuni yenye maelfu ya wahandisi ilishindwa kuzilinda tokeni zake. Mimi na msaidizi wangu tukizihifadhi tokeni za wateja wetu kwenye kanzidata "kwa matumizi ya baadaye", tunajiona akina nani? Kama kazi ni kumwingiza mtu kwenye programu, tokeni ikishatumika itupwe. Kisichohifadhiwa hakiibiwi.

Ule mtindo wa mmoja kuruhusu na wengi kuchukuliwa haukufa mwaka 2015. Ulihamia kwenye aplikesheni za mikopo. Mtu anayehitaji elfu hamsini ya dharura anaombwa ruhusa ya orodha ya namba zilizomo kwenye simu yake. Anakubali, maana mtoto anaumwa. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha unamfikia mjomba, mwenye nyumba, mchungaji na fundi cherehani, watu ambao hawakukopa na hawakuulizwa kitu. Mwaka 2023 Google ilizikataza aplikesheni za mikopo kwenye duka lake kugusa orodha ya namba na picha za mtumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Nyuma ya kila aplikesheni inayochukua orodha ya namba kuna fundi aliyeandika mstari wa kuiomba. Hatumtaji kamwe, na yeye hujitetea kwamba alitumwa.

Utetezi huo umeshaisha muda wake. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi lengo hilo. Wanaokusanya na wanaochakata wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakenya walitutangulia kwa sheria ya 2019, na kamishna wao hakuishia kwenye semina. Septemba 2023 ofisi yake ilitoza faini taasisi tatu kwa mpigo: shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, Sh4,550,000 za Kenya, kampuni ya mikopo iliyotumia majina na namba za watu kuwasumbua, Sh2,975,000, na klabu ya starehe iliyoweka mtandaoni picha ya mteja wake, Sh1,850,000. Tazama aina ya wahusika. Hakuna Facebook hapo. Ni shule, mkopeshaji na baa, yaani wateja wetu sisi mafundi wadogo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mfanyabiashara mdogo hana bajeti ya matangazo, kwa hiyo kumjua mteja ndiyo silaha yake. Mkopeshaji wa mtu asiye na hati ya nyumba anahitaji dalili fulani ya uaminifu. Sipingi. Ninachodai ni kwamba kila kitu kiombwe siku kinapohitajika, kwa sababu iliyotamkwa. Ukianzisha punguzo la mwezi wa kuzaliwa, muulize mteja siku hiyo, mwambie ni kwa ajili ya punguzo, na atakayelitaka ataandika tarehe ya kweli. Utapata tarehe chache zilizo sahihi badala ya maelfu ya Januari 1. Na wale wanaosema watu wenyewe wanaanika kila kitu mtandaoni, nawajibu kwamba aliyeweka picha ya harusi ya dada yake kwa ajili ya ndugu na marafiki hakuiweka kwenye kanzidata ya muuza nondo.

Kwa mafundi wenzangu, utaratibu ni rahisi na haugharimu kitu. Kwenye msimbo, kando ya kila kipengele unachokiomba, andika sababu yake kwa Kiswahili. Kama sababu ni "kitasaidia huko mbele", kifute. Tengeneza njia ya mtu kufuta taarifa zake, na uijaribu wewe mwenyewe kabla ya kukabidhi kazi. Facebook inaidai njia hiyo kwa kila programu inayotumia wasifu wa watu wake, lakini wengi huweka anwani ya ukurasa usiofanya kitu. Kwa wenye biashara: kazi ya kufuta ni kazi kamili, ilipieni kama mnavyolipia kazi ya kukusanya. Kwa Tume: cheti cha usajili ukutani hakionyeshi mfumo unachukua nini. Ombeni ile orodha ya vipengele. Ni karatasi moja, na mfumo ambao fundi wake hawezi kuitoa haustahili kushika taarifa za Watanzania.

Na kwako msomaji, fungua leo mipangilio ya akaunti yako ya Facebook, tafuta sehemu ya programu na tovuti, uzione zote ulizowahi kuziruhusu. Zile usizozitumia ziondoe. Siku nyingine fomu yoyote, ya simu au ya karatasi, ikikudai jambo usiloelewa linahusiana vipi na huduma unayoitaka, uliza "ya nini?" kabla ya kujaza. Asiye na jibu hana haki ya kupewa.